Mabomba ya Mama Mkwe

Mama Mkwe alikuwa na viti tisa. Naanza na viti kwa sababu wote wanaomsifu huanza na chakula chake, na mimi habari za chakula chake nimechoka kuzisikia. Vilikuwa viti vya mninga, kazi ya fundi mmoja wa Kyela mjini. Vilipakiwa kwenye bajaji kwa safari tatu hadi Busale, na meza yake ilikuja kwa Fuso lililokuwa linafuata mpunga. Ilibidi mlango ung'olewe ndipo meza iingie. Majirani walikuja kuitazama. Sisi Busale tunalima mpunga na wali tunaula popote tulipo, mkekani au kwenye kigoda, sahani ikiwa mapajani. Meza ya viti tisa ilikuwa kitu cha ofisi ya kata. Mama Mkwe akawaambia kwamba chakula anachopika yeye hakiliwi mkekani. Katika viti vile tisa, kwa miaka ishirini na miwili, mimi sikukalia hata kimoja.

Chakula chenyewe nyumbani tulikiita mabomba. Alitoka nacho Matema, kwenye nyumba ya wageni ya wamisheni kando ya ziwa, alikokuwa mpishi kabla sijaolewa kwake. Kule walikuwa wakiletewa makaroni makubwa yenye uwazi katikati, wanayajaza kitoweo, wanayaoka. Kyela sijawahi kuyaona dukani, kwa hiyo aliyatengeneza mwenyewe. Alikanda unga wa ngano na mayai mpaka jasho likamtoka, akausukuma kwa chupa ya soda hadi ukawa mwembamba kuliko chapati yoyote unayoijua. Alikata vipande, akavichemsha kidogo, akavitandaza juu ya kanga iliyoloweshwa. Kila kipande alikijaza samaki wa mbasa aliyechambuliwa miiba, majani ya maboga, na maziwa ya mgando yaliyoning'inizwa kwenye kitambaa mpaka maji yote yakaisha. Akakunja, akapanga chunguni, akamwagia rojo la nyanya, akafunika kwa kipande cha bati. Makaa chini, makaa juu.

Kitamu? Kitamu sana. Nalisema hilo nikiwa na hasira, kwa hiyo niaminini.

Chungu kilikuwa cha Lyulilo, na kingine hakukubali. Yeye ni Mkisi wa pwani ya ziwa, amekulia kwenye udongo wa wafinyanzi, na sokoni Lyulilo wauza vyungu walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kunung'unika. Alikigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, na kama hakupenda kilivyolia alikirudisha. Chungu kipya alikichemshia uji mwepesi wa mchele mara mbili kabla ya kukiamini kwa moto wa juu. "Chungu usichokifundisha kitakuaibisha mbele ya wageni," alikuwa akisema. Vyungu alivifundisha kwa subira ambayo sisi binadamu hakuwahi kutuonyesha.

Kazi yangu mimi ilikuwa miiba. Mbasa ana miiba mpaka unajiuliza nyama ilipitia wapi. Kila Jumapili watu wakitoka ibadani, mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda jikoni, bakuli kati ya miguu, nachambua nyama kwa ncha za vidole. Mwiba mmoja ukionekana mezani, nilisikia jina langu likipita chini ya mlango: "Mama Amba! Leo uliacha macho kanisani?" Kupika kwenyewe hakunifundisha. Ilipofika zamu ya kuchanganya vitu vya ndani alifunga mlango, nami nikabaki nje na kuku.

Kuna maneno mawili aliyokuwa nayo kila siku. La kwanza ni "chakula kitapoa." Kwake hilo lilimaliza mazungumzo yote. Ukimweleza kwamba mtoto ana homa, chakula kitapoa. Mchungaji akirefusha maombi, alikohoa na kusema chakula kitapoa, na mchungaji mwenyewe alisema amina. La pili alilisema akiwa amesimama mbele ya meza, kijiko mkononi, kabla ya kugawa, kama vile ni sehemu ya sala: "Hiki ni chakula cha familia nzima. Kinaliwa pamoja, kwenye meza moja." Alifundishwa hivyo na bibi wa misheni aliyesimamia ile nyumba ya wageni ya Matema. Nililisikia nikiwa nyuma ya mlango, na sijui kama kuna sentensi nyingine duniani niliyowahi kuichukia kiasi hicho.

Asiyejua ataniuliza kwa nini nilikuwa nyuma ya mlango. Kwa Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hukwepana. Humtazami, huketi naye, hulitaji jina lake. Mkikutana njiani, wewe unashuka pembeni na kujifunika mpaka apite. Ni heshima, na sina ugomvi na heshima. Kwetu Tukuyu mama yangu alinifundisha yote hayo. Lakini baba yangu alimwita mke wa kaka yangu mwaka ule ule wa harusi, akampa mbuzi mbele ya wazee, wakashikana mikono, ikaisha. Nyumba nyingi siku hizi zinafanya hivyo, na nyingine hata mbuzi hawatoi, wanacheka tu na kuketi. Nyumba ya Mama Mkwe haikufanya. Mlezi wa desturi ile alikuwa yeye, mwanamke wa pwani ambaye desturi hiyo wala si ya kwao.

Hata hivyo desturi hiyohiyo inamtaka mama mkwe naye ajitenge kidogo na mume wa binti yake. Binti yao mkubwa alipoolewa na karani mmoja wa Mbeya, huyo karani alipewa kiti siku ya kwanza. Kiti cha karibu na dirisha, kwenye upepo. Mama Mkwe alimgawia yeye kabla ya mumewe, akamwuliza kama chumvi imetosha, akacheka vichekesho vyake. Nilipomwuliza mume wangu usiku huo imekuwaje, akasema, "Yule ni mgeni." Mimi nilikuwa nimezaa watoto watatu katika ukoo ule. Mgeni alikuwa nani?

Mume wangu naye nitamsema kwa ufupi, maana habari hii si yake. Ni mtu mpole, mchapakazi, na penye ugomvi hutazama sahani yake.

Baba Mkwe nilimjua kwa miguu. Visigino vilivyopasuka, makubazi ya matairi, suruali iliyokunjwa ya mtu wa majaruba. Nilimjua kwa kikohozi pia, kwa sababu alipokuwa anarudi shambani alianza kukohoa akiwa mbali, anipe muda wa kushuka kwenye mfereji na kujitanda kanga. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Kunisemesha moja kwa moja haikuruhusiwa, kwa hiyo alizungumza na mbwa. "Simba," alisema huko mezani kwa sauti ya kufika jikoni, "mwambie aliye jikoni, mabomba ya leo yameshinda ya Pasaka. Mwambie, ndaga fijo." Ni yeye peke yake aliyenishukuru kwa ile miiba, na alimshukuru mbwa. Simba alipokufa akahamia kuzungumza na mlango.

Sasa niseme la Krismasi ile, maana kovu ninalo. Aliyekuwa anapeleka chungu mezani ni wifi yangu mdogo, kwa sababu yeye ni binti wa nyumba. Siku hiyo alikuwa amechelewa na kwaya. Wageni wamejaa, wazee wawili wa kanisa wapo, chungu kimetoka motoni. Mama Mkwe akapaza sauti kutoka mezani: "Chakula kitapoa!" Nikajibu kwamba hakuna wa kukileta. "Kitapoa, nimesema!"

Nifanye nini? Nikiingia uso mbele, nimemtazama Baba Mkwe mbele ya wazee wa kanisa. Nisipoingia, nimeharibu Krismasi. Nikajitanda kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, nikakishika chungu kwa matambara, nikageuka, nikaingia kinyumenyume. Nilijua chumba kile kwa kukifagia tu. Nilihesabu hatua nne hadi meza, lakini siku hiyo walikuwa wameongeza benchi kwa ajili ya wageni. Benchi likanipata nyuma ya magoti.

Rojo la nyanya lilinimwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko. Chungu kilipasuka vipande vitatu. Nikaketi sakafuni katikati ya mabomba, kanga imenivuka, macho nimeyafumba kwa nguvu nisije nikamwona mtu nisiyetakiwa kumwona. Nilikuwa naungua, na bado nilikuwa nafumba macho. Hicho ndicho kinachonikera hadi leo kuliko hata kovu.

"Chungu cha miaka saba," Mama Mkwe akasema. "Miaka saba, na wewe umeingia na matako!"

Mzee mmoja wa kanisa akacheka. Mume wangu akasema, "Pole," akiwa ameketi. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa, na sauti ya Baba Mkwe ikasema, "Mlango, mwulize kama ameungua." Mlango haukuniuliza. Nilitambaa hadi jikoni nikajimwagia maji, na huko mezani wakaletewa wali.

Mngekuwa mnaniambia alikuwa mtu mbaya, ningepumzika. Mtu mbaya unamchukia, unakwenda zako. Lakini nilipomzaa Amba uchungu ulinishika mvua za masika, mto umefurika, barabara haipo. Mama Mkwe alivuka maji ya kifuani na uji kichwani kunifuata zahanati. Alikaa na mimi siku nane. Alinifulia nguo ambazo mwanamke hapendi mwingine azione, akaimba nyimbo za Kikisi za kumbembeleza mtoto, na alipodhani nimelala alinitengeneza nywele. Nikarudi nyumbani nikijua nimempata mama. Jumapili iliyofuata akanisogezea kigoda changu na bakuli la mbasa.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo nalo lilinichoma. Chungu kiliporudi jikoni kuoshwa, kilirudi na ukoko umegandia pande zote, mweusi pembeni, mwekundu katikati. Nilikuwa nikimsikia huko mezani anawakemea wanaotaka kuukwangua: "Acha hapo! Usikwangue!" Nikawa najiambia, anahakikisha nina kazi ya kutosha. Nilisugua vyungu vile kwa mchanga na hasira. Ni katika kuosha huko nilipojifunza mapishi yake yote. Chombo hakifichi kitu. Kwenye bakuli la kuchanganyia nilikuta harufu ya kungumanga, na hiyo ndiyo siri aliyokuwa anaifungia mlango.

Baba Mkwe alifariki wakati wa kuvuna. Siku ya mazishi jeneza likawekwa uani, watu wakapanga mstari wa kumuaga, na shangazi mmoja akanisukuma mgongoni: "Nenda, na wewe ni mtoto wake." Ndipo nilipouona uso wake, mara ya kwanza, kwa macho yangu mawili. Alikuwa na kidevu cha Amba. Alikuwa na alama ndogo juu ya jicho, ya tetekuwanga pengine, na hakuna aliyewahi kuniambia. Miaka ishirini na miwili nilimpikia mtu yule, nikamwuguza kwa kusukuma dawa chini ya pazia, na nilikuwa nauona uso wake ameshafumba macho. Nililia kwa sauti iliyowashangaza watu. Walidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, na nusu yake ilikuwa ghadhabu.

Wiki ya pili baada ya matanga tulikuwa jikoni wawili, tunachambua mchele. Mama Mkwe akaanza kuzungumza bila kuulizwa, kama wafiwa wanavyofanya.

"Alikuwa na moyo laini, yule. Kila Krismasi alikuwa ananiambia, 'Mwite huyu mtoto aje aketi. Mbuzi nitatoa.' Kila Krismasi."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo. "Na wewe ulimjibu nini, Mama?"

Akapuliza makapi. "Nilimjibu, chakula kitapoa."

Sikumtukana. Nilikuwa nalo tusi, lilikuwa tayari mdomoni. Niliweka ungo chini, nikatoka, na mwezi huo huo nikamwambia mume wangu kwamba tunahamia Kyela mjini ambako tayari alikuwa ananunua kakao, au nahamia peke yangu. Akatazama sahani, tukahama. Niliondoka Busale na kigoda changu tu. Mume wangu alikwenda kumtazama mama yake kila wiki. Mimi sikwenda.

Sasa Amba ameoa. Mkewe anaitwa Temwa, binti wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara wa vitenge, mchangamfu na mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Desturi zetu hazijui. Miezi miwili iliyopita walikuja kututembelea kwa mara ya kwanza kama mume na mke, na Mama Mkwe aliposikia naye akaja, kwa bodaboda, na chungu kipya cha Lyulilo amekipakata. "Cha bibi harusi," akasema. "Nimeshakifundisha." Alikuwa amepungua mwili. Nilimwamkia, "Ugonile, Mama," akaitikia, wala hatukugusia mwaka mzima wa kutoonana.

Nikapika mabomba. Mbasa nilimchambua mwenyewe, kungumanga nikaisaga mlango ukiwa wazi. Yalipoiva nikayapakua kwenye bakuli kubwa, nikaacha chungu jikoni, nikapeleka bakuli mezani uso mbele. Meza yangu ina viti sita vya plastiki. Temwa nilikuwa nimemketisha mimi mwenyewe, kushoto kwa mume wangu, na alikuwa anamsimulia baba mkwe wake vituko vya forodhani pale Kasumulu mpaka mume wangu anafuta machozi kwa kucheka.

Mama Mkwe alitoka kunawa mikono, akasimama mlangoni.

"Mama Amba," aliniita kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto amekaa wapi?"

"Kwenye kiti, Mama."

"Na baba mkwe wake?"

"Naye yuko kwenye kiti."

Akamtazama mwanawe. Mume wangu akatazama sahani, na nilitamani niichukue sahani ile niivunje ukutani. Temwa alihisi kitu, akainuka nusu. "Bibi, kuna shida? Nimekalia kiti chako?" Nikamshika bega nikamkalisha kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Kaa, mwanangu. Hakuna shida yoyote." Mume wangu, bila kuinua macho, akachukua kijiko akamgawia Temwa mabomba matatu, wa kwanza kabla ya wote. Nalisema kwa haki yake.

Mama Mkwe akageuka akaenda jikoni.

Nilimfuata nikiwa nimejiandaa. Miaka yote nilikuwa naitunga hotuba yangu, nachambua miiba natunga. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda changu, kile nilichotoka nacho Busale, chungu mapajani, anakwangua ukoko kwa kijiko.

"Umeweka kungumanga," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafunga mlango nikiiweka."

"Vyombo nilikuwa naosha mimi, Mama."

Akatikisa kichwa polepole, akakwangua tena. "Matema nilipika miaka kumi na moja. Yule bibi akisema chakula cha familia nzima, mimi niko nyuma ya mlango. Sikuwahi kula bomba hata moja la moto. Ukoko ndio ulikuwa wangu. Walikuwa hawajui kuwa ndiyo sehemu tamu."

"Unakumbuka ilivyouma?"

"Nakumbuka."

"Ukakumbuka, na ukanifanyia mimi."

Hapo aliinua uso. Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Lakini nilikuachia ukoko," akasema. "Kila Jumapili. Nilikuwa nawagombeza wasiuguse, wote, hata baba yao. Hukuwa unaula?"

Nilikuwa nasugua kwa mchanga. Miaka ishirini na miwili nilikuwa namwaga zawadi yake nyuma ya banda la kuku. Hasira haikutoka, ilikaa pale pale, na majuto juu yake. Nilikuwa nataka kiti. Hakuna ukoko unaolipa kiti, wala uso wa mtu ambaye sikuonyeshwa mpaka amekufa.

Akaninyooshea kijiko kimejaa, chekundu, kinatoa moshi. "Chukua. Ndiyo tamu."

"Mama," nikamwambia, "kiti chako kipo, karibu na Temwa. Chakula kitapoa."

Nikarudi mezani nikaketi. Mlango sikuufunga. Temwa akaendelea na hadithi yake ya forodhani, tukala, na katikati ya vicheko tulimsikia huko jikoni, kijiko na chungu, anakwangua.